Mahali Tumeshapata

Fundi hana Idd. Hilo walilijua wote waliokaa na vyerehani vyao kwenye baraza za Biryogo, mtaa wa Kigali, tangu enzi za babu zao waliokuja na biashara kutoka Ujiji na Tabora. Mfungo mzima fundi huinamia kanzu za watu, magauni ya wake za watu na kaptula za watoto wa watu, na mwezi unapoandama yeye hana hata nguvu ya kufunga kifungo chake mwenyewe. Watu huswali Idd wakinukia nguo mpya. Fundi huswali akisinzia.

Kwa hiyo, kiangazi cha mwaka themanini na moja, Zaituni Mukabalisa alipotoa wazo kwamba mafundi wa mtaa wao wachukue konji, maana ndivyo watu wa Kigali walivyozoea kuyaita mapumziko, wakale na kulala nje ya mji baada ya Idd, kila mtu alipiga makofi. Walipomaliza kupiga makofi wakamgeukia yeye. Wazo ni la nani? La Zaituni. Basi mahali atafute Zaituni, masufuria aazime Zaituni, gari aliulizie Zaituni, na nani alale chumba kipi apange Zaituni. Wenzake walirudi kwenye vyerehani vyao roho nyeupe kabisa, wakaanza kuhesabu siku.

Kwa muda wote ule wa kutafuta, neno lililokuwa mdomoni mwake lilikuwa moja tu: mahali. Aliuliza mahali sokoni, aliuliza mahali kisimani, alimuuliza hata imamu baada ya tarawehe. Mwisho akapewa ufunguo wa nyumba ya marehemu Mzee Nsabimana kule Gahanga, nyumba ya matofali juu ya kilima, yenye ua mpana, mikaratusi nyuma yake, na barabara ya vumbi ya kwenda Bugesera ikipita chini.

Na leo walikuwapo. Ilikuwa Jumamosi, siku ya pili ya konji, baada ya Adhuhuri. Wanaume walikuwa mkekani wakicheza bao, wanawake wamevua viatu na wanacheka ovyo, watoto wamejaa vumbi mpaka kope. Hata shangazi yake, Bi Mwamini, ambaye kusifia kitu kwake kulikuwa kama kung'olewa jino, alikubali kwamba hewa ya Gahanga imemfungua kifua. Kila mtu alikuwa mapumzikoni. Zaituni alikuwa kazini.

"Zaituni! Chumvi iko wapi?"

"Kwenye kikapu chenye kitambaa chekundu."

"Zaituni, mwanangu, mto wangu nani kauchukua?"

"Uko dirishani, shangazi. Nimeuanika upigwe jua."

"Zaituni we! Maji ya kutawadha yamekwisha!"

Alijibu yote bila kugeuka, kwa sababu macho yake yalikuwa na shughuli nyingine. Yalikuwa yanamwiba mwanamume mmoja aliyekaa peke yake juu ya tofali, mgongo ukutani, begi kubwa kati ya miguu yake. Begi lile lilimsumbua Zaituni. Mtu anayekuja kulala usiku mmoja anabeba shuka na mswaki. Habebi begi la kuhama.

Haruna Rutayisire alikuwa mkataji. Mtaani kwao hapakuwa na mkasi uliopita kwenye kitambaa kwa ujasiri kama mkasi wake, na hapakuwa na mwanamume mtaratibu kama yeye. Alikuwa na namna ya kukutazama mpaka ukasahau ulikuwa unasema nini. Kwa miaka miwili yeye na Zaituni walikuwa wamependana kwa namna wanavyopendana mafundi, yeye baraza hii, mwenzake baraza ile, njia nyembamba katikati.

"Naomba uzi mweusi."

"Si uliuchukua jana?"

"Umekwisha."

Uzi haukuwa umekwisha. Biryogo nzima ilijua kwamba haukuwa umekwisha.

Aliyejifanya hajui ni baba yake Zaituni, Mzee Rajabu Kalisa. Naye alipochoka kujifanya, alimwita Haruna barazani, mbele ya watu. "Fundi kumwoa fundi ni sindano kumwoa uzi," alimwambia. "Vizuri. Lakini nguo iko wapi? Kijana, sikukatai. Ila usikanyage tena baraza hii wala usimsimamishe binti yangu njiani mpaka uje na mahari mkononi." Mwanamume mwingine angenuna, au angeanza kupenya kichochoroni. Haruna alisema, "Nimesikia, mzee," na tangu siku hiyo hakukanyaga. Uzi aliendelea kuuomba, akiwa amesimama upande wake wa njia, na maneno yaliyozidi uzi alimpa mjumbe.

Sasa, asubuhi ya leo alikuwa amepanda kilima kile na begi lake, akawapa wazee mkono mmoja mmoja, kisha akamfikia Zaituni aliyekuwa anapepeta mchele.

"Asalaam alaikum, dada Zaituni."

Dada! Mtu aliyekuwa akimwita Zai mbele za watu, na roho yangu pale ambapo hapakuwa na sikio la kusikia, leo anamwita dada. Ungo ulimwinamia upande mmoja, mchele ukamwagika kidogo, na kuku wa jirani wakafaidi.

Wakati wa kupakua pilau Zaituni alijaribu kumfikia. Alimpelekea sahani yeye mwenyewe, akaijaza nyama kuliko haki.

"Umechelewa kuja," alimwambia. "Wenzako wamefika tangu jana."

"Nilikuwa nafunga mizigo." Haruna alipokea sahani bila kumtazama. "Lakini uliniambia nije kama watu wengine. Nimekuja kama watu wengine."

"Haruna, una nini?"

"Zaituni, nilitaka kukuomba kitu kimoja tu. Keti hapa kidogo. Kabla sija..."

"Zaituni!" Bi Mwamini aliita kutoka mkekani. "Huku hatujapata pilipili!"

"Nakuja, shangazi! Haruna, nisubiri, nigawe pilipili nirudi."

Haruna alitabasamu upande mmoja wa mdomo. "Nenda," alisema. "Watu wako wanakungoja."

Aligawa pilipili. Baada ya pilipili kukawa na mtoto aliyechomwa na mwiba, baada ya mwiba kukawa na ugomvi wa nani aoshe vyombo, na baada ya vyombo wazee wakataka chai. Aliporudi ukutani, tofali lilikuwa tupu. Sahani ilikuwa chini, pilau haijaguswa.

Alikuwa anamimina chai ya baba yake aliposikia habari yenyewe, na aliisikia kama wanavyosikia wapika chai wote, akiwa ameinama, hakuna aliyemsemesha.

"Yule kijana Haruna ameniaga," Mzee Rajabu aliwaambia wenzake huku macho yakiwa kwenye bao. "Anahamia Bujumbura kwa mjomba wake. Lori la mjomba linapita hapo chini leo hii baada ya Alasiri. Ndiyo maana kaja na mzigo."

"Mafundi wazuri wote wanakimbia," alisema mmoja.

"Angalau kaaga. Ana adabu, hilo simnyimi."

Chai ilijaa kikombe, ikapita ukingo, ikamwagika kwenye kisahani na kwenye mkeka.

"Mama," Mzee Rajabu alisema, maana ndivyo alivyomwita binti yake alipokuwa na huruma naye. "Umechoka. Kapumzike."

"Sijachoka, baba."

Alikwenda jikoni, ambako hakukuwa na jiko hasa, mafiga tu nyuma ya nyumba na moshi wa kuni za mkaratusi. Mukantwari alikuwa amechuchumaa akisugua sufuria kwa majivu. Huyu ndiye aliyekuwa rafiki na mjumbe wao. Alikuwa ameolewa Biryogo akitokea vilima vya kaskazini, alishona matundu ya vifungo kwa wote wawili, na kwa kuwa kila siku alikuwa anavuka njia ile mara nyingi, maneno yao aliyavusha pamoja na mashati.

"Mukantwari, Haruna anahama. Ulijua?"

"Yego. Nirijua."

"Na hukuniambia?"

"Nirifikiri weye unajua." Mukantwari aliacha kusugua. "Na miye nirikukasirikia kidogo, Zaituni, sema kweri. Mutu anakupenda vile, unamukataria vile?"

"Nilimkatalia nini?"

"Mahari."

"Mahali gani? Mahali si hapa? Si ndipo tulipo?"

"Oya, si mahari ya konji! Mahari. Ya kukuowa weye." Mukantwari alisimama, majivu yakimchuruzika mikononi. "Si nirikuya kwako wakati wa mufungo, unashona ile gauni ya kijani? Nikakwambia, Haruna anasema mahari iko, amepata. Weye hata kichwa hukuinua. Ukasema, mwambie mahari tumeshapata, asijisumbue, akitaka kuya akuye kama watu wengine. Nikaenda nikamwambia. Miye nirisema vile ulisema. Neno kwa neno."



Zaituni aliikumbuka siku ile. Alilikumbuka gauni la kijani, na jinsi alivyokuwa amefurahi, kwa sababu asubuhi ile ile ndipo alipokuwa amepewa ufunguo wa Gahanga. Kwa watu wa kwao Mukantwari r na l ni kitu kimoja, na Zaituni alikwisha zoea kuyanyoosha maneno yake kichwani kabla hajayajibu. Kurara alikuwa anajua ni kulala. Chakura, chakula. Mahari, basi, ni mahali. Na mtu aliyejifunza Kiswahili chake kwenye soko la Kigali, kwake kila kitu ni iko: mahali iko, mahari iko. Angesema pamepatikana, au imepatikana, ile silabi moja ya mbele ingewaokoa watu wawili. Lakini alisema iko, na yule mwenye konji kichwani akasikia konji, na yule mwenye ndoa moyoni, jibu lilipovuka njia kurudi kwake, akasikia ndoa.

Na tangu siku ile Haruna hakuomba uzi tena. Zaituni aliliona hilo. Akajiambia ni wingi wa kazi za Idd, kisha akaenda kuazima masufuria.

"Mana yanjye," Mukantwari alinong'ona, akimwita Mungu wake kwa Kinyarwanda. Alikuwa ameanza kuelewa, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Zaituni. Nirikosea? Ni miye nirikosea?"

Mjumbe hauawi, na Zaituni hakuwa na moyo wa kumuua. "Hukukosea," alisema. "Ulisema alichosema, ukasema nilichosema. Yuko wapi?"

"Ameshashuka kwa barabara."

"Zaituni!" waliita kutoka uani. "Zaituni, sukari!"

Kwa mara ya kwanza tangu konji ianze, Zaituni hakuitika. Alizunguka nyuma ya nyumba, akapita kati ya migomba, akateremka kilima viatu mkononi na mtandio ukimwangukia mabegani. Nyuma yake jina lake liliendelea kuitwa, kwanza kwa sauti ya kuomba, halafu kwa sauti ya kushangaa.

Alimkuta chini ya mkaratusi wa mwisho, pale shamba linapoishia na barabara inapoanzia, amekaa juu ya begi lake. Mbele yao bonde la mto Nyabarongo lilikuwa limelala na mafunjo yake, na ng'ambo Bugesera ilikuwa imefifia kwa ukungu wa kiangazi.

"Dada Zaituni," Haruna alisimama. "Rudi juu. Wanakutafuta."

"Usiniite dada." Pumzi zilikuwa hazimtoshi. "Ulimtuma Mukantwari kwangu wakati wa mfungo. Ulimtuma aseme nini?"

"Unajua nilichomtuma."

"Nataka nikisikie kwa mdomo wako."

Haruna alimtazama kama anayepima kitambaa ambacho akikikosea hakuna kingine. "Kwamba nimepata mahari," alisema. "Kwamba umwambie mzee nakuja baada ya Idd."

Aliitamka kwa ulimi wa Ujiji, ulimi wa nyanya yake, r imesimama mahali pake. Zaituni alifumba macho.

"Mimi nilisikia mahali, Haruna."

"Mahali gani?"

"Mahali pa kuja kupumzika! Nilikuwa nauliza mtaa mzima, mahali, mahali, na wewe mwenyewe ulinisikia. Mukantwari akaja akasema Haruna anasema iko. Nikasema masikini, naye kahangaika kunitafutia. Nikamwambia mahali tumeshapata, usijisumbue, uje tu kama watu wengine."

Kwanza Haruna alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kisicho na furaha. Kisha akaketi tena juu ya begi, akafunika uso kwa viganja vyote viwili, na alipozungumza sauti ilitoka kati ya vidole.

"Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Mahari tumeshapata, ningelivumilia. Ningesema ni mzee, kapata mwenye duka. Asijisumbue, ningelimeza. Lakini aje kama watu wengine! Nilikaa nalo usiku kucha. Nikasema, kumbe miaka yote hii mimi ni watu wengine."

"Kwa nini hukuja kuniuliza? Upana wa njia moja, Haruna! Njia moja!"

"Nilimpa baba yako neno langu."

"Neno! Ungelivunja! Mara moja tu, kwa ajili yangu, ungelivunja!"

"Na wewe?" Aliondoa viganja. Macho yake yalikuwa mekundu. "Uliona siji kuomba uzi. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka Idd imepita. Ulimtuma nani aniulize nina nini?"

Zaituni alifungua mdomo. Jibu lililokuja lilikuwa moja tu, na lilikuwa dogo mno.

"Nilikuwa na shughuli."

"Siku zote una shughuli, Zai." Alilisema bila hasira, na afadhali angelisema kwa hasira. "Kila mtu anayekuita, unaitika. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye lile tofali tangu asubuhi nikingoja zamu yangu."

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Ni kweli. Alikuwa amewahesabia watu wote wa Gahanga mito na vijiko, akajua nani hali pilipili na nani hulala upande wa dirisha, na huyu mmoja, ambaye kwa ajili yake tu alikuwa ametaka konji ile, ili wapate kukaa ua mmoja bila njia katikati, huyu ndiye aliyemwambia asubiri.

"Basi sasa tumejua," alisema, akajifuta haraka kwa ncha ya mtandio. Sauti yake ilishika ule uchangamfu wake wa kupanga mambo. "Hakuna kilichoharibika. Baba yuko pale juu, wazee wote wako pale juu, tena wameshiba. Twende sasa hivi. Utaweka mahari mbele yake na mimi nitasema mbele ya watu kwamba nimekubali. Mahari iko wapi? Imo humu begini?"

Haruna hakusogea.

"Haruna. Mahari iko wapi?"

"Imeshapata mahali."

Alisema polepole. R yake ilikuwa r, na l yake ilikuwa l. Hapakuwa na la kusikia vibaya.

"Mjomba alikuwa Kigali siku ile niliyopewa jibu lako," aliendelea, akitazama barabara. "Muda mrefu alikuwa ananisihi nikaoe kwao Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, nami namwambia nina mtu. Usiku ule nikamwambia sina mtu tena. Nikampa yote aliyoikuta mkononi mwangu, nikasema fanya utakavyo. Akaenda nayo. Wameipokea. Ndoa ni Ijumaa."

Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, ndivyo wasemavyo, na Zaituni aliwahi kuwaimbia wateja methali hiyo mara nyingi akiwahimiza waje kuchukua nguo zao. Leo ilimrudia. Alikaa chini pale pale, kwenye majani makavu.

Haruna alipiga magoti mbele yake, akaweka mikono yake miwili ardhini, karibu na ya kwake bila kuigusa.

"Nisikilize. Sijaoa bado. Kilichopokelewa kinaweza kurudishwa. Nitatukanwa, mjomba hatanitazama tena, lakini mimi matusi nayaweza. Sema neno moja tu, Zai. Lori likija sitapanda."

Huko mbali, upande wa Kicukiro, njia ya kutoka mjini, vumbi lilikuwa limeanza kuinuka juu ya barabara.

Neno lilikuwapo. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kaa. Herufi tatu tu, na wala hazina r wala l ya kumchanganya mtu. Alimtazama kila alipoweza kumtazama, paji, ndevu zilizoanza kuota, kovu dogo la mkasi kwenye kidole gumba, na alitaka kulisema kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Badala yake akauliza, "Anaitwa nani?"

"Usiniulize jina."

"Nakuuliza."

"Sauda," alisema Haruna.

Kama asingeuliza, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini Zaituni hakuwa mtu wa kusikia jina akaishia kwenye jina. Alimwona. Aliiona nyumba ya Buyenzi, ua umefagiliwa, masufuria ya kuazima yamepangwa kwa ukubwa, mchele umeshanunuliwa, hina imeshasagwa. Aliwaona shangazi wa watu wameshafika kutoka mbali na wanauliza mto wangu uko wapi. Alimwona mama mtu hajaketi tangu juzi. Na chumbani alimwona msichana ambaye hakumkosea mtu, ameambiwa Ijumaa, amekaa anangoja. Huyo naye atapelekewa mjumbe. Aambiwe nini? Kwamba huko Kigali mtu alisikia neno vibaya?

"Umemwona?" aliuliza.

"Mara moja, zamani. Alinikaribisha maji."

"Mwema?"

"Zai..."

"Mwema?"

"Mwema."

"Basi nenda."

Haruna aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika, na Zaituni, aliyewahi kuwanyamazisha watoto wote wa Biryogo, hakujua amnyamazishe vipi mwanamume huyu mzima bila kumgusa.

"Ngoja basi nikufungie chakula," alisema, akainuka nusu. "Hukula pilau. Njia ni ndefu, na hilo lori halitasimama mpaka..."

"Usinifungie kitu." Haruna aliinua uso. "Nilikuomba kitu kimoja tu leo. Keti hapa kidogo."

Akaketi.

Walikaa bega kwa bega, begi katikati yao, wakitazama bonde. Upepo wa kiangazi ulipita kwenye mikaratusi na kuleta harufu yake kali, na chini kwenye mafunjo ndege fulani alikuwa analia, akinyamaza, akilia tena. Juu kilimani jina la Zaituni liliitwa mara moja, halafu likaachwa. Ajabu ni kwamba alisikia raha. Ilikuwa raha yenye msumari ndani yake, lakini ilikuwa raha, na ndiyo peke yake aliyoipata katika konji yote ile. Hakukuwa na mtu wa kugawiwa kitu. Hakukuwa na kitu cha kupanga.

Haruna aliingiza mkono mfukoni, akatoa kibiringo cha uzi mweusi, akakiweka kwenye kiganja cha Zaituni. Kilikuwa kimejaa. Hakikuwa kimefunguliwa hata ncha.

"Haukuwa umekwisha," alisema.

"Najua."

"Hata zile nyuzi nyingine hazikuwa zimekwisha."

"Najua, Haruna. Ndiyo maana nilikuwa nanunua nyingine, uendelee kuomba."

Lori lilitokeza kwenye kona likiwa na vumbi lake, likapiga honi, likasimama. Mjomba alishusha kioo, akatoa salamu nzito, akaona sura zao, na kwa busara yake akapandisha kioo tena. Haruna alirusha begi juu ya mizigo. Alitaka kusema neno, Zaituni akatikisa kichwa. Yalitosha maneno. Yaliyokwisha semwa yenyewe yalikuwa yamewafikisha hapo.

Haruna akaingia ndani ya lori, na Zaituni akasimama mpaka vumbi lilipoteremka lote kuelekea darajani. Kisha akavaa viatu vyake, akajitanda mtandio vizuri, akapanda kilima.

Uani walikuwa wamekaa wote mkekani, na walipomwona waliacha kuzungumza. Mukantwari alikuwa pembeni, macho yamevimba, na ilikuwa wazi kwamba ameshawaeleza. Mzee Rajabu alikuwa ameusukuma ubao wa bao kando. Alimtazama binti yake, kisha akateremsha macho kwenye mkeka.

Ni Bi Mwamini aliyeropoka, labda kwa mazoea tu. "Zaituni, mwanangu, tunafanyaje na chakula cha jioni?"

Zaituni alivua viatu, akakanyaga mkeka, akaketi katikati yao, miguu ameinyoosha kama wageni wengine.

"Nipakulieni na mimi," alisema. "Sijala tangu asubuhi."

Kwanza hakuna aliyejua afanye nini, kwa sababu hakuna aliyejua sahani ziko wapi. Kisha wakainuka wengi kwa pamoja, wakagongana mlangoni, huyu anatafuta kijiko, yule anapasha pilau. Mzee Rajabu mwenyewe alichukua birika, akammiminia binti yake chai. Zaituni aliwaacha wahangaike. Ngumi yake ilikuwa imefumba kile kibiringo cha uzi.

Mukantwari alikuja na sahani, ameishika kwa mikono miwili, imejaa nyama kuliko haki. Alitazama mkeka uliojaa vikombe na watoto, akatafuta nafasi.

"Zaituni," aliuliza kwa sauti ndogo, "nikuwekee mahari gani?"

Aliyekuwa anapuliza moto aliacha kupuliza. Mukantwari mwenyewe alilisikia neno likiwa limeshamtoka, akaganda, sahani mikononi, machozi yakianza upya.

Zaituni aliinua uso, akamtazama rafiki yake, akasogea kidogo kumpa nafasi.

"Popote, Mukantwari," alisema. "Weka popote."